Muuguzi Mbele ya Hakimu: Juu ya Elimu ya Kudumu kwa Wauguzi Wanaoshuhudia na Kushauri Katika Mashauri

Hotuba kwa Kamati za Haki na Amani za parokia na viongozi wa walei



Katika vikao vyetu vya Haki na Amani tumezoea kuzungumza juu ya ardhi, juu ya mirathi ya wajane, juu ya rushwa na juu ya uchaguzi. Mambo hayo ni ya haki, na tutaendelea kuyazungumza. Leo twawaomba mtutegee sikio kwa jambo ambalo halijapata nafasi kubwa kati yetu, nalo ni elimu ya muuguzi wa zahanati ambaye siku moja hupokea hati ya wito na kutakiwa kusimama mbele ya hakimu. Pamoja naye tunamfikiria yule ambaye pengine hatafika mahakamani kamwe, lakini huombwa na wasaidizi wa kisheria, au na kamati zetu wenyewe, asome karatasi za hospitali na kueleza zinasema nini.

Huenda baadhi yenu mwajiuliza kama hiyo si kazi ya Serikali na ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ni kazi yao, wala hatutaki kuwapokonya. Lakini tazameni mambo yanavyokwenda huko vigangoni. Mtoto anapodhulumiwa mwili wake, mtu wa kwanza kumpokea si wakili, wala hakimu, wala padri. Ni muuguzi wa zamu. Daktari au tabibu ataijaza fomu ya polisi namba 3, ile tunayoiita PF3, labda kesho yake. Lakini muuguzi ndiye aliyemvua nguo, ndiye aliyezishika, na ndiye aliyeyasikia maneno ya kwanza ya mtoto kabla hayajapita katika midomo ya mashangazi na wajomba. Akiandika sawasawa, haki imepata mahali pa kukanyaga. Akiandika tu kwamba mgonjwa amekuja kwa kubakwa na amepewa dawa, basi miaka miwili baadaye, hakimu atakapomwuliza aliona nini, hatakuwa na la kujibu, kwa maana tangu siku ile amewahudumia wagonjwa maelfu.

Shule ya uuguzi ilimfundisha kuponya, na ilifanya vema. Haikumfundisha sana kushuhudia. Kushuhudia nako kuna ufundi wake, na ufundi usiorudiwa huota kutu.

Lililoonekana na lililodhaniwa

Kanuni ya kwanza ya shahidi mtaalamu ni nyepesi kuitamka na ngumu kuishika: aseme aliloliona, aeleze maana yake kwa kadiri ya ujuzi wake, kisha anyamaze. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imefundisha mara nyingi kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa yule aliyetendewa. Ripoti ya daktari yaweza kusaidia kuonyesha kwamba tendo lilikuwapo, lakini haiwezi yenyewe kuthibitisha kwamba mtu mzima hakuridhia, wala haimtaji mtendaji. Kwa hiyo muuguzi anayeandika katika daftari lake neno moja tu, "amebakwa", ameandika hukumu badala ya ushahidi. Wakili wa utetezi atafurahi sana kulikuta neno hilo. Atamwuliza: je, ulikuwapo? Muuguzi atasema la. Na baada ya hapo hata yale aliyoyaona kwa macho yake yatatiliwa mashaka.

Lakini akiandika kwamba aliona mchubuko wa urefu wa sentimeta 2 upande wa ndani wa paja la kushoto, na mwingine wa sentimeta 1 chini yake. Kwamba gauni lilikuwa limechanika begani. Kwamba mtoto alikuwa akitetemeka na akasema maneno haya na haya, yakiwa yameandikwa kama alivyoyasema. Kwamba ilikuwa saa 3 na nusu usiku, na aliyemleta ni mama yake mdogo: hayo hakuna wakili atakayeyapindua kwa urahisi.

Mnakumbuka habari ya Susana katika kitabu cha Danieli. Wazee wawili wenye heshima walimshuhudia uongo, na umati ukawaamini kwa sababu ya cheo chao. Kijana Danieli hakuleta shahidi mpya. Aliwatenganisha tu, akamwuliza kila mmoja ni chini ya mti gani aliwaona wale aliowasingizia. Mmoja alitaja mti huu, mwingine mti ule. Jambo dogo, la pembeni, ndilo lililomwokoa asiye na hatia. Nasi twawaambia wauguzi wetu kwamba vijambo vyao vidogo, saa, upande, kipimo, rangi, ndiyo miti ya Danieli. Vinaweza kumtia hatiani mwenye kosa, na vinaweza vilevile kumwokoa kijana aliyesingiziwa kwa sababu ya ugomvi wa shamba. Tume ya Haki na Amani haipo kwa ajili ya upande mmoja.

Kuna jambo la utaratibu ambalo wauguzi wachache wanaelezwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa mshtakiwa haki ya kutaka aliyeandika ripoti ya kitabibu aitwe aje kuulizwa, na inaitaka mahakama imjulishe haki hiyo. Mara nyingi jambo hilo lilisahauliwa, na Mahakama ya Rufani ikaiondoa PF3 katika kumbukumbu za kesi kana kwamba haikuwahi kuandikwa. Kosa hilo si la muuguzi wala la daktari. Lakini yafaa ajue kwamba karatasi yake si mwisho wa kazi. Anaweza kuitwa aisimamie, aulizwe maswali ya dodoso, na swali kali si tusi kwake. Ni haki ya mtu ambaye huenda akafungwa maisha.

Hatari ya mtaalamu anayevuka mpaka wa utaalamu wake si ya wauguzi peke yao. Huko Uingereza mwaka 1999 mama mmoja, Sally Clark, mwanasheria kwa kazi yake, alihukumiwa kwa kuwaua watoto wake wawili wachanga waliofariki ghafla. Daktari bingwa wa watoto, mwenye sifa na cheo cha heshima, aliiambia mahakama kwamba uwezekano wa vifo viwili vya namna hiyo katika nyumba kama ile ni mmoja tu katika milioni 73. Hesabu hiyo ilipatikana kwa kuzidisha uwezekano wa kifo kimoja kwa huo huo wa pili, kana kwamba watoto wa tumbo moja, katika nyumba moja, hawashiriki damu wala mazingira. Daktari alikuwa bingwa wa watoto, hakuwa bingwa wa takwimu. Baadaye ilifahamika pia kwamba majibu ya vipimo vya vijidudu vya mtoto wa pili hayakupewa upande wa utetezi. Mama yule aliachiwa huru mwaka 2003, akafariki mwaka 2007. Ikiwa hayo yalitokea katika nchi yenye maabara na mawakili tele, sisi tuseme nini juu ya mahakama ya wilaya ambako shahidi mtaalamu huwa mmoja tu na hakuna wa kumpinga?

Elimu inayochakaa

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Kwa nini tunasema elimu ya kudumu, na si elimu tu? Kwa sababu mengi waliyofundishwa wauguzi na madaktari miaka 20 au 30 iliyopita, tena kwa nia njema, yameonekana baadaye kuwa si kweli. Muuguzi aliyestaafu kujifunza anaweza kusema uongo mbele ya hakimu huku moyo wake ukiwa safi kabisa. Amri ya nane haivunjwi hapo, kwa kuwa hakukusudia. Lakini aliyefungwa bure amefungwa bure.

Tutatoa mifano, na mtuwie radhi tukisema waziwazi, maana haya yanayofichwa ndiyo yanayowaangamiza watoto wetu.

Wa kwanza ni kizinda. Vijijini, na hata katika baadhi ya vyumba vya uchunguzi, wengi waliamini kwamba msichana ambaye kizinda chake hakina jeraha hakuingiliwa. Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Marekani kwa wasichana 36 wenye mimba. Hao wote, ni dhahiri, walikuwa wameingiliwa. Ni wawili tu kati yao walioonekana na alama ya hakika ya jambo hilo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, lilitaka kile kinachoitwa kipimo cha ubikira kikomeshwe kila mahali, kwa kuwa hakina msingi wa kisayansi na kinamwumiza na kumdhalilisha anayepimwa. Basi fikirini ni mashauri mangapi yalianguka kwa maneno matatu katika fomu: hakuna alama yoyote. Muuguzi aliyeendelea kusoma angeongeza sentensi moja tu, kwamba kukosekana kwa alama hakumaanishi kwamba tendo halikutendeka. Sentensi hiyo si upendeleo kwa mlalamikaji. Ni ukweli wa mwili wa mwanadamu.

Wa pili ni rangi ya michubuko. Vitabu vya zamani vilikuwa na orodha nzuri sana: siku ya kwanza nyekundu, kisha bluu, kisha kijani, kisha manjano. Wanafunzi waliikariri. Leo inajulikana kwamba hakuna awezaye kutaja umri wa mchubuko kwa kuutazama rangi tu. Michubuko miwili ya saa ile ile, katika mwili ule ule, yaweza kuwa na rangi mbili. Na kwa ngozi yetu nyeusi, wekundu ambao vitabu hivyo viliutegemea mara nyingi hauonekani kabisa, maana viliandikwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe. Muuguzi anayesema kwa uhakika kwamba jeraha ni la siku tatu anaweza kumweka mtu mahali ambapo hakuwapo siku hiyo.

Wa tatu unahusu wale wanaoombwa ushauri mama anapofariki kwa uzazi au mtoto anapozaliwa mfu. Karatasi inayotazamwa kwanza ni patografu, ile chati ya maendeleo ya uchungu. Mistari yake miwili, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, ilibuniwa Afrika, na madaktari Philpott na Castle waliokuwa wakifanya kazi Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, wakaiandika mwaka 1972. Kwa miaka mingi wakunga walifundishwa kwamba njia ya uzazi inapaswa kufunguka sentimeta 1 kwa kila saa, na anayechelewa amevuka mstari. Shirika la Afya Duniani lilibadili fundisho hilo mwaka 2018, likasema kwamba uchungu wenyewe wahesabiwe kuanzia sentimeta 5 na si 4, na kwamba mwendo wa sentimeta 1 kwa saa si kipimo cha haki kwa kila mama. Mwaka 2020 likatoa chati mpya.

Oneni basi ugumu wa mshauri. Asiyeijua chati mpya atamlaumu mkunga kwa kusubiri, kumbe alisubiri kwa haki. Asiyeikumbuka ya zamani atakosea pia, kwa sababu mtu huhukumiwa kwa kanuni iliyokuwapo siku ya tukio, katika kituo chake, si kwa kanuni iliyokuja baadaye. Anayeshauri juu ya kifo cha mwaka fulani sharti ajue mwongozo gani ulikuwa ukutani mwa wodi mwaka huo. Hilo halipatikani kwa cheti kilichotundikwa sebuleni tangu ujana.

Lugha ya mwili na lugha ya mahakama

Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Ni jambo la kushangilia. Lakini limeleta kazi ambayo wengi hawakuitarajia. Muuguzi alijifunza viungo vya mwili kwa Kiingereza, na mtaani aliyajifunza kwa mafumbo. Sasa hakimu anamtaka aseme kwa Kiswahili sanifu, mbele ya wazee, na wakwe zake wakiwa pale mabenchini.

Sisi Waswahili tuna staha, na staha ni jambo jema. Mtoto husema "alinifanyia tabia mbaya", na mahakama zetu za juu zimekwisha kutambua kwamba mtoto husema hivyo na kwamba maneno hayo yana maana. Mtoto na aseme kwa lugha yake, na muuguzi ayaandike maneno hayo hayo bila kuyatafsiri. Muuguzi mwenyewe hana ruhusa ya kujificha nyuma ya mafumbo. "Sehemu za siri zilikuwa na hali isiyo nzuri" si ushahidi, ni fumbo juu ya fumbo. Katika semina za wauguzi tungependa kuona nusu saa nzima ikitumika kwa zoezi hili tu: kila mmoja asimame, ataje kwa Kiswahili kila kiungo na kila namna ya jeraha, mchubuko, mkwaruzo, mpasuko, uvimbe, mkato, bila kucheka na bila kuinamisha kichwa. Watacheka mara ya kwanza. Mara ya tatu hawatacheka.

Wale wanaoshauri

Huko Marekani kazi hii imekuwa fani kamili. Tangu mwaka 1989 wauguzi wanaowashauri mawakili katika mashauri wana chama chao cha kitaifa, wana mtihani wao, na hati yao hudumu miaka 5. Baada ya hapo muuguzi sharti aonyeshe kwamba amefanya kazi hiyo na amesoma mapya, au arudi kwenye mtihani. Wauguzi wa uchunguzi wa makosa ya jinai nao waliunda chama cha kimataifa mwaka 1992. Hatusemi tuige kila kitu. Mashauri ya kule yana fedha nyingi nyuma yake, na penye fedha nyingi mtaalamu hujaribiwa kumwimbia aliyemlipa. Lakini ile kanuni ya miaka 5 twaipenda: kwamba ruhusa ya kusema juu ya mwili wa mtu mwingine si ya maisha.

Hapa kwetu Baraza la Uuguzi na Ukunga huhuisha leseni, na masomo ya kujiendeleza huhesabiwa. Hilo ni jema. Shaka yetu ni kwamba masomo hayo kwa sehemu kubwa ni ya matibabu. Ya ushahidi ni machache, na mara nyingi hufanyika mjini, hotelini, na anayeitwa ni mganga mkuu wala si Sista wa zahanati iliyoko kilomita 60 kutoka barabara ya lami.

Aina yetu ya muuguzi mshauri tayari ipo, ingawa hana jina. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, na baadhi yao ni wanakamati wetu. Familia huwajia na karatasi za hospitali zisizosomeka, ikilia kwamba ndugu yao ameuawa kwa uzembe. Msaidizi wa kisheria anajua sheria, lakini hajui maana ya herufi zile. Humfuata mama fulani wa jumuiya, muuguzi mstaafu, na kumwomba amsomee. Mama huyo kwa neno lake anaweza kuizuia familia isipoteze ng'ombe wake wote katika shauri lisilo na msingi, au kuipa ujasiri wa kudai lililo haki. Vilevile anaweza kumwokoa muuguzi mwenzake anayebebeshwa lawama ya damu iliyokosekana, gari lililokosa mafuta, na chumba cha upasuaji kisicho na taa. Mara ngapi tumeona aliye chini kabisa akibebeshwa peke yake mzigo wa walio juu!

Mama huyo tumpe miiko. Asishauri juu ya kituo alichofanyia kazi, wala juu ya ndugu yake, wala juu ya mtu waliyegombana. Asome karatasi zote, si zile tu zinazoifurahisha familia. Na malipo yake, hata yakiwa kuku, yasitegemee shauri limeishaje. Kuku anayeletwa baada ya ushindi ana maneno mengi kuliko anayeletwa kabla.

Mtuulizao juu ya siri ya mgonjwa, jibu letu ni hili. Siri ya muuguzi ni nzito, lakini si siri ya kitubio. Padri hawezi kufungua kinywa juu ya alilolisikia kitubioni, hata mahakama ikimwamuru. Muuguzi akiitwa kwa wito halali atajibu, na atajibu lile tu aliloulizwa. Kinachomhukumu ni kile anachokisema kisimani na sokoni. Mshauri vilevile asizichukue karatasi za mgonjwa bila idhini ya mwenyewe, au ya warithi wake ikiwa amefariki, wala asizipige picha na kuzitembeza katika simu. Jambo hilo la simu limekuwa donda.

Parokia ifanye nini

Kwanza tuwaonee huruma mashahidi hawa. Muuguzi anaacha zahanati yenye watumishi wawili, anapanda basi alfajiri, anafika mahakamani, na shauri linaahirishwa. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu haendi, na mshtakiwa anaachiwa. Sisi tunasema amehongwa. Pengine amehongwa kweli, maana wapo wanaofuatwa usiku na bahasha wapunguze neno moja katika fomu. Lakini wengi wameshindwa na nauli tu. Kamati ya parokia inayoweza kuchangisha kwa ajili ya zulia la altare inaweza kuweka akiba ya nauli ya shahidi, na kumpata muuguzi mstaafu wa kushika zamu siku hiyo, mradi leseni yake iwe hai. Na mtu wa kwenda naye aketi benchini. Shahidi asiye peke yake huogopa kidogo. Nauli hiyo itolewe kwa ajili ya kufika tu, iandikwe katika daftari la mweka hazina, na shahidi asiambiwe lolote juu ya aseme nini. Tusije tukawa sisi ndio wahongaji.

Pili, elimu ya waamini wenyewe. Muuguzi hata awe hodari namna gani, hana la kuandika ikiwa bibi amekwisha kumwogesha mtoto na kufua nguo zake kwa aibu. Katika jumuiya ndogo ndogo na katika vikundi vya WAWATA lifundishwe hili: mtoto apelekwe zahanati upesi, bila kuogeshwa, nguo zisifuliwe, zitiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana plastiki hutunza unyevu na kuozesha ushahidi, na aliyejeruhiwa vibaya atibiwe kwanza, karatasi zifuate. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hufaa ndani ya saa 72 tu, na kila saa inayopotea kwenye kikao cha ukoo ni hasara. Vikao hivyo vya kumalizana nyumbani kwa mbuzi na debe la pombe, huku binti mwenyewe akiwa jikoni anawapikia wazee, ni dhuluma ya pili, na inasikitisha kuona viongozi wa walei wakiviongoza.

Tatu, semina yenyewe. Haihitaji hoteli. Ukumbi wa parokia unatosha, na siku mbili. Aalikwe hakimu wa wilaya au mwendesha mashtaka, aalikwe pia wakili wa utetezi, maana yeye ndiye atakayewauliza maswali magumu, na afadhali wayasikie kwanza ukumbini. Aalikwe tabibu au daktari anayejaza PF3 mara kwa mara. Siku ya kwanza wasome kumbukumbu zilizofichwa majina, waone wapi mwandishi ameandika alichokiona na wapi alichokidhani. Wafundishwe jinsi kielelezo kinavyokabidhiwa kutoka mkono hadi mkono kwa saini na saa, hadi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na kwa nini saini moja iliyokosekana katikati hulifanya jibu zuri la maabara kuwa karatasi bure. Siku ya pili iwe ya kizimba: meza moja, kiti kimoja, na kila mmoja aulizwe maswali ya dodoso kwa dakika 15. Na irudiwe kila mwaka kwa mambo yaliyobadilika, hata kama ni asubuhi moja tu. Semina ya mara moja hutuachia picha ya pamoja ukutani, na si zaidi.

Zahanati na hospitali za Kanisa zianze. Hatuwezi kuidai Serikali jambo ambalo sisi wenyewe hatujalifanya katika nyumba zetu.

Kwa hiyo tunawaomba makatekista na wenyeviti wa vigango walete kwa katibu wa Kamati ya parokia, kabla ya Kwaresima, majina ya wauguzi na wakunga wote wa eneo lao, walio kazini na wastaafu, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, pamoja na mwaka ambao kila mmoja alihudhuria mafunzo ya mwisho ya namna yoyote. Asiyekumbuka mwaka huo aandikwe hivyo hivyo, kwamba hakumbuki. Tutaanza na huyo.